Ukishika sarafu ya Kirumi, soma picha kwanza

Sarafu ninayoiandikia iko hapa mezani, kando ya kikombe cha chai ya tangawizi. Upana wake milimita 18, uzito gramu 2.3, rangi ni kijani kilichoingia weusi. Niliinunua ndani ya fungu la sarafu kumi chafu, na nikigawanya bei inaniangukia pauni 3. Asiyejua angesema ni kifungo cha koti kilichookotwa jaani. Upande mmoja kuna mtu ametazama kulia, upande wa pili vijana wawili wamesimama kama mabawabu. Tutaisoma pamoja mpaka tujue ni ya nani, iligongwa mji gani na miaka gani. Njia ni hiyohiyo kwa nyingine yoyote itakayokufikia mkononi.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Huu ni mwaka wa kumi na mbili naendesha basi York, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao Warumi waliuita Eboracum. Marehemu baba alikuwa fundi saa, na katika vitu vyake niliomba kimoja tu: kile kioo cha kubana kwenye jicho. Nilipopewa kasha lake la vipuri nikakuta chini yake pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya shaba ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Ina Kiarabu upande mmoja, na upande wa pili mizani. Utotoni Kiarabu kile kilinishinda, lakini mizani niliielewa siku ya kwanza niliyoiona: hapa mtu hapunjwi.

Nimeanza na pesa hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho kuhusu Warumi. Watu wengi wakishika sarafu ya kale hukimbilia herufi, wakizikuta zimeliwa hukata tamaa. Lakini muuza samaki wa Ostia, bandari ya Roma, au askari wa mpakani hakuwa lazima ajue kusoma. Sarafu ilitengenezwa ili hata yeye aielewe. Basi nawe isome kama yeye: picha kwanza, herufi baadaye, kuhakikisha tu.

Kwanza kabisa, usiioshe

Kwetu masinia ya shaba yalisuguliwa kwa ndimu na majivu siku mbili kabla ya Idi, yakang'aa mpaka unaona meno yako. Kwa hiyo sarafu yangu ya pili ya Kirumi, ambayo ilikuwa na mbwa mwitu jike akinyonyesha Romulus na Remus, pacha wa hekaya walioanzisha Roma, niliifanyia alivyotufundisha mama. Majivu sikuwa nayo, nikatia chumvi. Dakika kumi nzima nilisugua nikipiga mluzi. Nilipoisuuza ilikuwa na rangi ya waridi kama sufuria mpya ya shaba, na wale pacha hawakuwepo. Mbwa mwitu alibaki kivuli cha mgongo na mkia.

Baadaye nikaelewa nilichokifanya. Shaba iliyolala ardhini miaka 1,700 huota ngozi ya kijani, ya kahawia au nyeusi, na mara nyingi picha yenyewe hubaki ndani ya ngozi hiyo wakati shaba ya chini imeshakuwa kokoto. Ukiitoa ngozi umetoa picha. Na chumvi ndiyo ilikuwa balaa zaidi: baada ya miezi michache ile sarafu ilianza kutoa vidoa vya kijani mpauko, laini kama unga wa mkate, vinavyopukutika ukivigusa. Huo ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na kloridi zikikutana na unyevunyevu, na hula mpaka ndani. Sarafu yenye unga huo itenge peke yake.

Kinachofaa ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayoongezwa kwenye betri ya gari, lakini angalia usiuziwe asidi. Tia sarafu kwenye kikombe cha kioo, badilisha maji kila baada ya siku kadhaa, na uwe na subira ya mwezi au miwili. Udongo uliolainika utoe kwa kijiti cha meno cha mbao na mswaki laini wa mtoto, ukitazama kwa kioo muda wote. Ukishindwa, iache ilivyo. Ikishakauka vizuri, iweke mahali pakavu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Tangu nianze shughuli hii, sijatupa kipakiti hata kimoja, na mke wangu ameshaacha kuuliza.

Mwanga nao ni nusu ya kazi. Taa ya juu huua picha. Zima ya chumbani, washa tochi ya simu, ilaze pembeni kabisa karibu usawa wa meza, halafu zungusha sarafu polepole. Pua itatokea, kisha sikio, kisha utashangaa kuona na mstari wa herufi.

Upana na uzito

Hapa si pa kukaa sana, ila usiparuke. Nunua rula ya milimita na mizani ndogo ya sonara.

Sarafu kubwa ya shaba ya njano, pana kuliko kifuniko cha chupa ya soda na nzito kama gramu 25, ni sestertius. Ni ya karne mbili na nusu za kwanza za makaizari, kuanzia Augustus aliyepanga upya mfumo wa sarafu karibu mwaka 23 kabla ya Kristo. Nne kati yake zilifanya denari moja ya fedha. Nusu yake ni dupondius, ya shaba ya njano pia, na robo yake ni as, ya shaba nyekundu. Hizi mbili zinalingana karibu kila kitu kwa ukubwa, na zikishaota kijani rangi haikusaidii. Tazama kichwa: tangu enzi ya Nero, kwa kawaida mwenye miale ya jua kichwani ni dupondius, mwenye taji la majani ni as.

Ikiwa ni nyembamba, ya milimita 20 hivi, mwenye miale na ndevu fupi za kijeshi, basi uko karne ya tatu. Zamani ilikuwa ya fedha. Kaizari Caracalla aliianzisha mwaka 215, na kufikia miaka ya 260 fedha ilikuwa imekwisha, imebaki kama rangi iliyopakwa. Mashamba ya Uingereza yamejaa hizo, pamoja na nyingine za kuigiza zilizogongwa na watu wa mitaani zenye nyuso kama mtoto wa chekechea alichora kwa msumari. Mimi nazipenda kuliko zile rasmi.

Na ndogo, ya milimita 15 hadi 20, uso laini usio na ndevu na utepe wa lulu kichwani: karibu kila mara ni ya karne ya nne, kaizari Constantine, watoto wake au waliowafuata. Hizi ndizo utakazopata nyingi, na yangu ya mezani ni mojawapo.

Kichwa kinasema nini

Soma kutoka juu kwenda chini. Taji la majani ni la mshindi. Miale ni ya Jua. Utepe wa lulu ulikuja na Constantine, nao ni wa mtu ambaye hataki tena kujifanya raia kama wenzake. Kofia ya chuma ni ya wakati wa vita. Ukiona mzee amejitanda ushungi kama bibi wa Lamu, usicheke: huyo ni Constantine baada ya kufa mwaka 337. Geuza sarafu utamwona akipaa na gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Mtu aliyebatizwa kitandani mwake anapaa kwa gari lilelile walilopaa nalo miungu ya zamani. Nimeishika sarafu hiyo usiku mzima na bado inanichekesha.

Ndevu nazo ni kalenda. Kabla ya Hadrian, aliyetawala 117 hadi 138, makaizari walinyoa. Yeye akazifuga, na waliomfuata wakamwiga karibu karne nzima. Makaizari wanajeshi wa karne ya tatu walizikata fupi kabisa, kiasi kwamba fundi alizichora kwa vitone vya patasi. Constantine akanyoa. Mpwa wake Julian, 361 hadi 363, akafuga kidevu kirefu cha mwanafalsafa na akagonga sarafu kubwa yenye fahali. Basi ukiona ndevu ndefu na utepe wa lulu pamoja, kuna jina moja tu la kukisia kwanza.

Chini ya shingo tazama mabega. Deraya yenye magamba au mikanda inasema "mimi ni askari". Nguo iliyofungwa kwa kibano begani ni joho la jemadari. Wale wa mapema wameachwa shingo tupu.

Yangu: ana lulu, hana ndevu, yuko katika deraya. Kabla sijasoma herufi hata moja ninajua sarafu hii haijatangulia miaka ya 320.

Upande wa pili, ndio wenye utamu

Hapa ndipo serikali ilipopiga siasa. Kila picha ni kauli mbiu. Nyingi ni wanawake waliosimama, na mwanzoni utadhani ni mmoja. Usitazame sura, hazina sura. Tazama mikono.

Akiwa na mizani na pembe iliyojaa matunda, ni Aequitas, haki ya vipimo. Nilipomwona mara ya kwanza nilikwenda kulichukua lile kasha la baba nikaiweka pesa ya Barghash kando yake. Miaka 1,700 katikati, bahari mbili katikati, na ahadi ni ileile kwa mtu wa sokoni. (Moneta naye hushika mizani hiyohiyo, hapo ndipo herufi zinapohitajika.) Akishika usukani wa chombo na pembe, ni Fortuna, maana bahati ndiyo inayoshika usukani. Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa hilo. Masuke ya ngano, pengine na gubeti la merikebu pembeni, ni Annona: meli za nafaka zimefika, mkate upo. Anayemlisha nyoka juu ya madhabahu ni Salus, afya. Aliyeegemea nguzo amekunja mguu mmoja mbele ya mwingine kama mtu asiye na deni ni Securitas. Anayetembea huku ameinua pindo la nguo kwa vidole viwili na kushika ua ni Spes, tumaini. Tawi la mzeituni ni Pax. Mwenye mabawa ni Viktoria, na huyo humkosi.

Sasa sikiliza jambo moja nililojifunza kwa kuchelewa. Usiiamini picha, iulize. Nerva, mzee aliyewekwa madarakani mwaka 96, aligonga sarafu za mikono miwili inayoshikana, zikisema majeshi yana umoja. Mwaka uliofuata askari walinzi wake mwenyewe walimzingira kasrini mwake. Kaizari anapokazania sana neno umoja, mimi hutafuta ugomvi uko wapi, na mara nyingi haukosi.

Kuna picha zisizo za kauli mbiu bali za nchi. Kaizari Vespasian baada ya Jerusalem kuanguka mwaka 70 aligonga sestertius yenye mtende katikati, na chini yake mwanamke ameinamisha kichwa mkononi analia. Huhitaji Kilatini. Hadrian aliyezunguka dola nzima alikuwa na tabia nyingine: kila jimbo alilipa picha yake bila kulitia minyororo. Misri imelala na kayamba ya hekaluni mkononi, na ndege wa mto Nile miguuni. Na kuna Africa. Mwanamke ameegemea, kichwani amevaa ngozi ya tembo, mkonga umesimama juu ya paji la uso, mkononi nge, na kando yake ngano. Nilipoiona mara ya kwanza katika kabati la makumbusho nilisimama mpaka mlinzi akanikaribia. Lakini nisiwadanganye: Africa yao ilikuwa Tunisia ya leo na majirani zake, wala si sisi sote. Ngano ile pembeni ndiyo sababu ya mapenzi yale, kwani Roma ilikula kutoka huko.

Uingereza nayo imo. Antoninus Pius, mwaka 154 na 155, aligonga as yenye Britannia ameketi juu ya mwamba, mkono shavuni, kama mtu aliyefiwa. Zinapatikana karibu zote hapa kisiwani, na nyingi zilitolewa mwaka 1876 katika kisima cha mungu wa kike Coventina, kando ya Ukuta wa Hadrian, kisima kilichokuwa na sarafu zaidi ya 13,000. Waingereza walimwamsha mwanamke yuleyule mwaka 1672 na kumweka kwenye sarafu zao, wakamnyoosha mgongo.

Turudi kwenye karne ya nne, maana ndiyo itakayokuwa mkononi mwako. Picha ni chache, na ukizikariri saba utakuwa umetambua nusu ya fungu lolote chafu:

Jua amesimama uchi, mkono juu, tufe mkononi: SOLI INVICTO COMITI, kabla ya mwaka 318 hivi. Lango la ngome lenye minara miwili na nyota katikati: PROVIDENTIAE, 324 hadi 330. Mbwa mwitu na pacha, nyota mbili juu: kichwa upande wa pili ni cha mji wenyewe, URBS ROMA. Viktoria amekanyaga omo ya merikebu: CONSTANTINOPOLIS, mji mpya uliozinduliwa 11 Mei 330. Askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka, mkono umeinuliwa kuomba: FEL TEMP REPARATIO, kuanzia 348, "nyakati njema zimerudi". Kaizari anamburuta mateka kwa nywele: GLORIA ROMANORVM ya wakati wa kaizari Valentinian.

Ya saba ndiyo yangu: askari wawili wanatazamana, kila mmoja ana mkuki na ngao, na katikati nembo za kikosi juu ya milingoti. GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hesabu milingoti. Ikiwa miwili, ni 330 hadi 335. Ikiwa mmoja, ni baada ya hapo mpaka karibu 341, kwa sababu sarafu ilipunguzwa uzito na mlingoti wa pili ukakosa nafasi. Mfumuko wa bei unauona kwa macho, umepunguziwa mlingoti. Yangu ina miwili.

Sasa herufi

Mara nyingi huanzia chini kushoto, penye saa moja ya jioni tungesema sisi, na kuzunguka kama mkono wa saa. Hakuna nafasi kati ya maneno, na kichwa cha kaizari hukata neno popote kinapotaka. U huandikwa V. Usijaribu kusoma sentensi, tafuta vifupisho.

IMP ni amiri jeshi, CAES ni Kaisari, AVG ni Augustus, mtukufu. D N, bwana wetu, ni ya karne ya nne kuendelea. NOB C ni mrithi, bado hajawa Augustus. G zikiwa mbili, AVGG, watukufu ni wawili. Zikiwa tatu, ni watatu, na dola ina kazi. P M ni kuhani mkuu. TR P ikifuatwa na namba ni hazina, kwani mamlaka hayo yalihesabiwa mwaka kwa mwaka, na namba hiyo inakupa tarehe. P P ni Pater Patriae, Baba wa Taifa. Ndiyo, walianza wao. S C kubwa upande wa pili, kwa sarafu za shaba za mapema, inamaanisha "kwa uamuzi wa seneti".

Utotoni mwangu silingi ya Mzee ilikuwa na maandishi yaliyomzunguka kichwa, yakisema yeye ni rais wa kwanza wa Kenya. Ni mtindo uleule wa Roma, kichwa katikati na vyeo pembeni. Kisha Moi, kisha Kibaki kwenye ile ya silingi 40 ya mwaka 2003. Katiba ya 2010 ikasema hapana, sarafu isibebe sura ya mtu yeyote, na mwishoni mwa 2018 tukapata twiga, kifaru, simba na tembo. Warumi walikuwa na njia kali zaidi ya kuondoa sura. Kaizari Septimius Severus, mwana wa Leptis Magna huko Libya, alifia hapa York Februari 211, akiwaachia dola wanawe wawili. Kabla mwaka haujaisha Caracalla alikuwa amemuua Geta, na jina la Geta likaamriwa kufutwa kila mahali. Kuna sarafu kubwa za shaba za Stratonicea, katika Uturuki ya leo, ambako ndugu hao walikuwa wakitazamana. Sasa Caracalla anatazama shimo la patasi.

Herufi za yangu, kwa tochi ya pembeni na kioo cha baba: CONSTANTI, kisha kichwa, kisha NVS MAX AVG. Constantine Mkuu mwenyewe, si mwanawe. Wanawe wangekuwa na NOB C katika miaka hiyo. Kijana aliyetangazwa kaizari mjini hapa Julai 306. Sanamu yake imeketi nje ya kanisa kuu, na basi langu hupita karibu nayo mara sita kwa siku.

Chini ya mstari

Upande wa pili, chini kabisa, kuna mstari ambao askari wamekanyaga. Chini yake kuna herufi tatu au nne. Hizo ni anwani ya kiwanda. TR ni Trier, Ujerumani ya leo. R ni Roma, AQ Aquileia, SIS Siscia, PLG Lyon, ALE Alexandria, ANT Antiokia, SMN Nicomedia, SMK Cyzicus. PLN au PLON ni London, iliyofungwa karibu mwaka 325, na hapa Uingereza bei yake hupanda kwa sababu hiyo. SM mwanzoni ni "kiwanda kitakatifu" tu. Herufi inayobaki ni karakana: magharibi P ya kwanza na S ya pili, mashariki hesabu za Kigiriki, A, B, Γ, Δ.

Mtego mmoja ulionikamata mara tatu. CONS ikifuatwa na herufi ya karakana ni Constantinople. PCONST au SCONST ni Arles, kusini mwa Ufaransa, mji uliopewa jina la ukoo huohuo ili watu kama mimi wachanganyikiwe.

Yangu inasema TRP. Trier, karakana ya kwanza. Ukitaka namba yake rasmi, American Numismatic Society ina hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo OCRE. Ingiza jina, kiwanda na maandishi, kisha linganisha picha.

Bandia, na sheria

Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo. Ya bandia mara nyingi imemiminwa: tazama ukingoni kama kuna mshono, na usoni kama kuna vijitundu vya mapovu na ulaini wa sabuni iliyotumika. Mtu akikuuzia sestertius safi kwenye magofu ya utalii akinong'ona kwamba babu yake aliilima shambani, mwambie salamu kwa babu. Mimi sikumwambia. Nilimlipa.

Nunua kwa anayeweza kukuambia sarafu ilikotoka, kwa maandishi. Ukiokota mwenyewe huku Uingereza, ardhi ina mwenyewe na ruhusa yake inahitajika. Sarafu za shaba kumi au zaidi za zaidi ya miaka 300 kutoka mahali pamoja ni hazina kwa sheria ya 1996, na una siku 14 za kutoa taarifa. Hata moja moja ipeleke kwa maofisa wa Portable Antiquities Scheme waiandikishe. Wakishajua ilipolala ndipo inapokuwa na maana. Nchi nyingine nyingi ni kali zaidi, na kuvusha mipaka bila karatasi ni kosa.

Bahasha

Plastiki laini huchuja kemikali ikaharibu shaba, kwa hiyo mimi hutumia bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, sarafu moja kila bahasha, na huandika kwa penseli kabla sijaitia ndani, kalamu isije ikaipiga chapa. Naandika Kiswahili, maana watakaozirithi ni watoto wangu. Ya leo inasomeka hivi: "Constantine. Askari wawili, milingoti miwili. Trier, karakana ya kwanza, 330–335. Mm 18, g 2.3. Pua imeliwa kidogo."

Inakwenda kwenye kasha la baba, nyuma ya pesa ya Barghash. Mbele yao wote nimeweka ile ya waridi, ndani ya bahasha yake na vipakiti viwili vya viatu. Juu yake nimeandika: "Urbs Roma. Imeoshwa kwa ndimu."